Nia, sababu na uwezo: je, hayo ndiyo masharti ya Kanisa kuhusu vita?

KijanaWaUkonga

Wakuu, heshima kwenu.

Siku ya Mashujaa, Julai 25, VIWAWA (vijana Wakatoliki wa parokia) tumepewa saa mbili za mada ya "Mkristo na vita". Ukumbi ni wa parokia, vijana kama 40. Wengi wamepita JKT kwa mujibu wa sheria, na wapo wanaotaka kuomba JWTZ. Maswali ambayo lazima yatakuja ni haya.

Kwanza, Mwalimu Nyerere mwaka 1978, Amin alipotuvamia, alisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kuna watu wanafundisha kwamba hayo ni masharti matatu ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na kwamba Mwalimu aliyatoa humo. Ni kweli?

Pili, Yesu alimwambia Petro arudishe upanga. Sasa ruhusa ya kupigana iliingilia mlango gani, na lini?

Tatu, Yoshua na miji aliyoiangamiza, watoto wakiwemo. Hapo huwa tunaruka ukurasa.

Naomba vifungu, miaka na namba. Mahubiri tunayo ya kutosha.

---

Mzee_wa_Kanuni

Marahaba kijana. Nianze na la kwanza, maana linasemwa sana na limekosewa mahali padogo penye uzito.

Fungua Summa, kitabu kikuu cha teolojia cha Tomaso, sehemu ya pili ya pili, swali la 40, makala ya kwanza. Masharti yake ni mamlaka halali, sababu ya haki na nia nyofu. Ya Mwalimu ni sababu, nia na uwezo. Ukiyaweka pamoja ubaoni, wanafunzi watakwambia mbili kati ya tatu zinafanana. Usikubali haraka. Sababu inafanana kweli. Nia inafanana kwa jina tu. Mwalimu alisema nia *ya kumpiga*, yaani azma: tumekusudia na haturudi nyuma. Kwa Tomaso nia ni lile unalolitafuta ndani ya vita: unataka amani irudi na uovu ukome, au unataka kulipiza, kutawala, kumwonyesha mtu? Mtu anaweza kuwa na nia ya Mwalimu asiwe na nia ya Tomaso. Kiswahili kimetumia neno moja kwa mambo mawili, na darasa zima huteleza hapo.

Mamlaka haimo kwa Mwalimu kwa sababu nyepesi: msemaji ndiye alikuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Na uwezo haumo katika makala ile ya Tomaso. Uliongezwa na waliomfuata. Leo umo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2309, ambayo inadai mambo manne kwa pamoja: madhara ya mvamizi yawe ya kudumu, mazito na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeonekana haziwezekani au hazifai, yawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na matumizi ya silaha yasilete maovu makubwa kuliko uovu unaoondolewa. Sisitiza "kwa pamoja". Kosa la kawaida ni kuyafanya kama mtihani wa shule, kwamba ukipata matatu kati ya manne umefaulu. Likikosekana moja, umeanguka.

Kuhusu Mwalimu kuazima kwa Tomaso: alikuwa Mkatoliki na msomaji mkubwa, lakini maneno kufanana si ushahidi kwamba yameazimwa. Usiliseme jukwaani.

Sasa ipitishe Kagera kwenye chujio. Jeshi la Amin liliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 1 likatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Madhara mazito na ya hakika, hapo hakuna ubishi. Njia nyingine: OAU, Umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, haikumlaani mvamizi, ilitaka usuluhishi, na Mwalimu akakataa kumweka mvamizi na mvamiwa kwenye mizani moja. Hapa vijana wabishane, pana pa kubishania. Halafu Januari 1979 majeshi yetu yakavuka mpaka pale Mutukula. Kuanzia pale vita vimebadilika swali: kumtoa adui nyumbani kwako ni jambo moja, kumfuata hadi kumng'oa madarakani ni jingine, nalo linahitaji sababu yake lenyewe. Ipo ya kutajwa, kwa mfano utawala ambao Februari 1977 ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na raia wake wengi. Lakini itajwe, isichukuliwe kwamba ya kwanza inatosha.

Na usiogope Masaka na Mbarara. Miji ile ilibomolewa Februari 1979 kulipiza uharibifu wa Kagera. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 22 cha maandishi yake dhidi ya Fausto, anaorodhesha maovu halisi ya vita, na ukatili wa kisasi umo. Wakikuuliza kama unawatukana mashujaa, waambie mapokeo yana mizani mbili: haki ya kuingia vitani, na haki ya mwenendo ukiwa ndani. Ya kwanza inaweza kuwa nzito na ya pili ikapungua, katika vita vilevile, kwa jeshi lilelile.

---

Neno_Tupu

Mathayo 26:52. "Wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Mada imekwisha. Saa moja na dakika hamsini na tisa zilizobaki mwimbe.

---

Msomaji_wa_Mababa

Neno_Tupu, usiku uleule, kwa Luka 22:36, Yesu mwenyewe anasema asiye na upanga auze joho lake akanunue. Wanafunzi wakaonyesha panga mbili, akawaambia, "Basi." Panga mbili kwa watu kumi na wawili si jeshi, wengi husoma "Basi" kama mtu anayekata mazungumzo. Lakini ukikaa na aya moja, mwenzako atakuja na nyingine: Luka 3:14 Yohana hawaambii askari waache kazi, anawaambia wasidhulumu watu na watosheke na mishahara yao. Matendo 10 Kornelio anabatizwa akiwa akida. Na kutoambiwa aache si sawa na kuambiwa aendelee, hilo nalo lisemwe.

Nijibu la pili, ambalo ndilo tamu.

Karne tatu za kwanza waandishi wa Kanisa walioandika juu ya jambo hili karibu wote wanakataa Mkristo kuua. Tertuliani wa Karthago alisema Bwana alipomnyang'anya Petro silaha alimvua kila askari. Orijene, katikati ya karne ya 3, alimjibu Kelso, mpagani aliyelalamika kwamba Wakristo hawapigani: tunamsaidia mfalme kwa sala, kama ambavyo makuhani wenu hamuwaandikishi jeshini ili mikono yao ibaki safi. Kitabu cha Mapokeo ya Mitume, ambacho huhusishwa na Ipoliti wa Roma, kina utaratibu wa kupokea wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kazi kwa kazi. Askari aliye chini ya amri asiue, hata akiamriwa, wala asile kiapo. Akikataa sharti hilo, asipokelewe. Mwenye mamlaka ya upanga ajiuzulu. Mkatekumeni au mwamini anayetaka *kuwa* askari, afukuzwe. Ona tofauti: aliyekutwa jeshini anawekewa mpaka, anayetaka kwenda anazuiwa. Vijana wako wanaoomba JWTZ wataliona hilo mara moja.

Mifano miwili ni ya Afrika, itumie. Maximilian, kijana wa miaka 21, aliletwa Tebessa, leo ni Algeria, Machi 12, 295, mbele ya liwali wa Kirumi, Dion, aandikishwe jeshini. Baba yake alikuwa askari mstaafu. Wakampima urefu, futi tano na inchi kumi kwa kipimo chao, wakataka kumvisha muhuri wa madini ya risasi shingoni; akakataa, akisema hawezi kutumikia jeshi kwa kuwa ni Mkristo. Dion akamwambia wapo Wakristo wanaowatumikia wafalme hadi katika walinzi wao. Akajibu: wao wanajua linalowafaa. Wakamkata kichwa. Jibu la Dion ni la thamani kwa mwalimu, kwa sababu linathibitisha kwamba Wakristo walikuwemo jeshini wakati waandishi wanakataza. Wa pili ni Marcellus, akida, aliyevua mkanda wake mbele ya bendera za kikosi siku ya sherehe ya mfalme, akauawa Tangier mwaka 298.

Watu hugombana kama tatizo lilikuwa damu au ibada ya sanamu, maana kiapo cha jeshi kilimhusu mfalme na miungu. Yalikuwa yote mawili. Anayesema ni sanamu tu anaisahau Ipoliti, iliyotaja kuua kabla ya kiapo.

Mlango ulifunguka kidogo kidogo. Mwaka 312 mfalme Konstantino wa Roma anashinda katika daraja la Milvio, 313 Wakristo wanapata uhuru, 314 sinodi ya Arles inatoa adhabu kwa wanaotupa silaha wakati wa amani, na mwaka 416 sheria ya Theodosio wa Pili inasema asiye Mkristo asiwe jeshini. Kutoka Maximilian hadi hapo ni miaka 121. Augustino anaandika katikati ya mabadiliko hayo, akiwa askofu wa Hippo, na alifariki mwaka 430 Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Nadharia ya vita vya haki haikuandikwa na mtu aliyekaa kivulini.

---

KijanaWaUkonga

Shukrani sana. Hilo la mikono safi limenigusa. Ina maana aliyeua vitani, hata kwa amri halali, alikuwa anazuiwa komunyo?

---

Msomaji_wa_Mababa

Ndiyo, na hapo Kanisa lilikuwa na hesabu.

Basili Mkuu, kanuni ya 13, karne ya 4: mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa mauaji, lakini kwa kuwa mikono yao si safi, huenda ni vyema wakae miaka mitatu bila komunyo. Ni ushauri wenye "huenda", na haukufuatwa sana. Ila haukufa. Miaka ya 960 mfalme Nikephoros Phokas wa Konstantinopoli alitaka askari wanaokufa wakipigana na Waislamu watangazwe mashahidi. Patriaki Polyeuktos akamkatalia kwa kanuni hiyohiyo: nitamwitaje shahidi mtu ambaye Basili angemzuia komunyo? Ndiyo maana Waorthodoksi hawajapenda nadharia ya vita vya haki. Kwao vita vinaweza kulazimu, lakini havikutoi ukiwa msafi.

Magharibi hesabu ilikuwa kali zaidi. Baada ya vita vya Hastings vya 1066, ambavyo Papa Aleksanda wa Pili mwenyewe aliviunga mkono, maaskofu wa Normandia waliweka malipizi, yaani kitubio cha dhambi, kwa askari wa upande *ulioshinda*, na mjumbe wa Papa, Ermenfrid wa Sion, akayathibitisha. Anayejua ameua mtu: mwaka mmoja kwa kila mtu. Aliyejeruhi asijue kama aliyemjeruhi alikufa: siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi: siku moja kila wiki maisha yake yote, au ajenge kanisa. Mpiga mishale, ambaye hawezi kujua mshale wake umemwangukia nani: kwaresima tatu. Aliyetaka kuua asimpate mtu: siku tatu.

Iandike ubaoni na waache wahesabu wenyewe, mtu aliyeua wanne na kujeruhi sita anakwenda miaka mingapi. (Minne na siku 240.) Halafu ndipo uwaulize: hivi ni vita vilivyobarikiwa, mbona kuna malipizi?

Mwaka 1095 kikaja kinyume chake. Mtaguso wa Clermont, ambapo Papa Urbano wa Pili aliitisha Vita vya Msalaba, uliamua kwamba atakayekwenda Yerusalemu kwa ibada tu, si kwa heshima wala fedha, safari ile ihesabiwe badala ya malipizi yote. Haijapita hata miaka thelathini tangu Ermenfrid. Kwanza uliua ukatubu. Sasa kwenda vitani ndiko kutubu. Ukiwa na dakika kumi tu za historia, zitumie hapa.

---

Abuu_Temeke

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Mimi ni Mwislamu, nimeufuata uzi kwa heshima. Swali dogo: mabango ya mikutano ya injili pale Biafra Kinondoni na Jangwani mengine yameandikwa "krusedi". Wanaoandika wanajua neno lile kwetu linasikikaje?

---

Mzee_wa_Kanuni

Waalaykum salaam. Wengi hawajui. Limekuja na wahubiri wa Kimarekani likiwa limeshapoteza meno. Kwao ni mkutano wa siku tano wenye spika kubwa. Lakini neno linatoka kwa wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliojishonea msalaba begani, na waliouteka Yerusalemu Julai 15, 1099 waliua Waislamu na Wayahudi mjini humo. Kabla hawajafika, mwaka 1096, makundi yao yalishaua Wayahudi wa Worms na Mainz, ambao hawakuwa na Yerusalemu mkononi. Na mwaka 1204 wakaupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. "Mkutano wa injili" linatosha na wino ni uleule. Machi 12, 2000 Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha hadharani kwa jeuri iliyotumika kwa jina la ukweli.

Uwanja wenyewe nao una jina la vita, kwa taarifa ya vijana. Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968. Jiji hili limejaa hayo: Kariakoo ni kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na pale Posta askari wa shaba amesimama na singe yake tangu 1927.

---

Shirati_Damu

Naona mnajibu kana kwamba Ukristo ni Ukatoliki pekee. Ukumbini kwako watakuwepo waliooa na kuolewa nje ya parokia, kwa hiyo uwe na hivi mkononi.

Wamennonite, ambao hapa nchini walianzia Shirati mwaka 1934, wanatokana na Waanabaptisti, Wakristo wa karne ya 16 waliobatiza watu wazima tu. Maungamo ya Schleitheim ya 1527, kifungu cha sita, yanasema upanga ni agizo la Mungu *nje* ya ukamilifu wa Kristo. Hawasemi serikali isiwe na upanga. Wanasema Mkristo asiushike. Mwandishi wake, Michael Sattler, alichomwa moto Mei mwaka huohuo, na Wakristo.

Walutheri wa KKKT wanafuata Ungamo la Augsburg la 1530. Kifungu cha 16 kinaruhusu Mkristo kupigana vita vya haki na kuwa askari, na palepale kinawalaani Waanabaptisti. Waanglikana wana vifungu 39, cha 37 kinaruhusu kushika silaha kwa amri ya mtawala. Waadventista wana ushauri wa muda mrefu wa kutumikia bila kubeba silaha, wakimwachia mtu dhamiri yake.

Kwa wanaoomba jeshi, jambo la kivitendo zaidi ni amri mbaya. Luther mwaka 1526 aliandika kwamba ukijua kwa hakika mtawala wako ana makosa, mtii Mungu, usiende. Ukiwa na shaka tu, mtii mtawala. Kanuni hiyo ina tundu: askari wa kawaida karibu siku zote yuko kwenye shaka, kwa sababu taarifa anapewa na yule yule anayemtuma. Sisi tunasema tundu hilo ni kubwa kuliko ukuta. Wengine watakataa, wabishane.

---

Kiebrania_Kidogo

Swali la Yoshua limeachwa, nilichukue.

Anza na amri yenyewe. "Usiue" ya Kutoka 20:13 kwa Kiswahili ni pana mno. Kitenzi cha Kiebrania ni *ratsakh*, ambacho Hesabu 35 inakitumia kwa muuaji wa makusudi na hata kwa aliyeua bila kukusudia, lakini si kitenzi cha kawaida cha kuua vitani. Kwa hiyo amri hiyo peke yake haimzuii askari wala haimruhusu. Anayeisimamisha kama mwisho wa mjadala amesimama kwenye tafsiri.

Sasa Yoshua 6:21 na 1 Samweli 15:3. Neno ni *herem*: kitu kilichotengwa kwa Mungu hadi kuangamizwa. Halikuwa la Israeli pekee. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, liligunduliwa Dhiban mwaka 1868 na sasa liko Louvre. Mesha anajisifu humo kwamba aliuteka Nebo kutoka kwa Israeli, akaua watu 7,000, akautenga mji kwa mungu wake kwa neno lilelile. Lugha ya ushindi ya zama zile ilipenda "sikubakiza hata mmoja". Jiwe la Farao Merneptah, mwisho wa karne ya 13 kabla ya Kristo, linasema Israeli imeangamia na mbegu yake haipo. Sisi hapa tunaisoma Biblia yake.

Na Biblia yenyewe inajipunguza. Yoshua 10:40 inasema hakumwacha hata mmoja. Waamuzi 1 inaorodhesha kabila kwa kabila waliobaki, Wayebusi wakiwemo. Wasomee sura hizo mbili mfululizo, bila maelezo, halafu unyamaze dakika moja.

Njia mbili za kukwepa usizitumie. Ya kwanza ni kusema Mungu wa Agano la Kale ni mwingine: Markioni alisema hivyo, akafukuzwa Roma karibu mwaka 144. Ya pili ni kugeuza yote kuwa mfano wa dhambi moyoni, kama Orijene alivyofanya. Ni nzuri kwa sala, lakini watoto wa Yeriko wanabaki mahali walipo. Mwalimu mwaminifu ataeleza lugha ya zama zile, ataonyesha Waamuzi, kisha atakiri kwamba bado kuna mfupa uliokwama kooni.

Neno moja kuhusu "vita vya kiroho", kwa sababu mikesha ya Dar imejaa "piga adui, choma adui". Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Adui akishapewa jina la mtu, shangazi au mpangaji wa chumba cha pili, aya imeshavunjwa, na kutoka hapo hadi bibi kupigwa kwa sababu ya macho mekundu si mbali.

---

KijanaWaUkonga

Nimejaa. Sasa nipangieni saa mbili zisimwagike.

---

Mzee_wa_Kanuni

Usianze na Tomaso. Ukianza na masharti, watachukua kila vita wanavyovijua na kuvipigia muhuri. Anza na Maximilian dakika 15, usome kesi yenyewe, mtu mmoja awe Dion, mwingine Maximilian. Kisha hesabu ya Ermenfrid, 20. Clermont, 10. Hapo ndipo uweke Mwalimu na Tomaso ubaoni pamoja na 2309 na Kagera, uwape dakika 35, ndio moyo wa mada. Yoshua 20. Zinazobaki ni za maswali, nazo hazitatosha.

Mahali mada hii huharibika ni pale msemaji anapotoa mifano ya mbali tu. Ninyi mko Ukonga, Pugu iko juu ya kilima chenu. Januari 13, 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misioni ya Wabenediktini pale ilivamiwa. Bradha wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa hadi walipokombolewa. Tunawaita mashahidi, sawa. Lakini waambie pia kwamba mmisionari na mkoloni Mjerumani walionekana kwa wenyeji wakitoka kwenye meli moja. Na Februari 27, 1906 Songea, viongozi wa Wangoni waliponyongwa baada ya Maji Maji, baadhi yao walibatizwa na padri Mbenediktini muda mfupi kabla ya kitanzi. Uliza: padri yule alikuwa anafanya nini pale? Sina jibu moja, na usilitafute.

Kama kuna muda, Nyange ya Rwanda. Kanisa lililobomolewa kwa katapila Aprili 1994 na Watutsi wapatao 1,500 ndani. Padri Athanase Seromba alihukumiwa hapa hapa nchini, Arusha: miaka 15 mwaka 2006, kisha rufaa ikampa kifungo cha maisha mwaka 2008. Hapo hapana mamlaka halali, sababu wala nia ya kuchuja, kwa hiyo usiiweke kwenye chujio la Tomaso kana kwamba ni vita. Ni mauaji yaliyotumia jengo la Kanisa.

Na kwa vijana wanaofikiria seminari: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 289, inakataza mklero (shemasi, padri au askofu) na mwombaji wa daraja takatifu kujiunga na jeshi kwa hiari bila ruhusa ya ordinari wake, kwa kawaida askofu. Mikono ya Orijene bado imo kwenye vitabu.

---

Neno_Tupu

Nimesoma zote. Ile ya kwaresima tatu za mpiga mishale sikuijua. Vipi kuhusu rubani, au anayebonyeza kitufe cha droni?

---

Msomaji_wa_Mababa

Ermenfrid angemweka kundi la mpiga mishale: ameua, hajui wangapi. Ila wa droni anaona kwenye kioo, wakati mwingine hadi maziko. Huyo angerudi kwenye kundi la kwanza, mwaka kwa kila kichwa.